Picha 58 za wahadhiri wa kompyuta, mweusi sufuri. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mtu_wa_Tukuyu
Wakuu, salama?

Mdogo wangu kapata nafasi ya PhD ya sayansi ya kompyuta kwenye chuo kimoja Marekani, majimbo ya katikati huko kwenye mashamba ya mahindi. Ada wanalipa wao, na posho juu. Viza kaipata wiki iliyopita baada ya roho kukaa mkononi, maana Mei 2025 walisimamisha usaili wa viza za wanafunzi, na walipofungua Juni wakataka akaunti zote za mitandaoni ziachwe wazi wazikague. Nyumbani tumeshachinja.

Sasa juzi usiku dogo kafungua tovuti ya idara yake anatuonyesha wahadhiri. Mama akasema, "Hebu nitafutie wa kwetu." Tukaanza kuhesabu. Picha 58. Wahindi wapo, Wachina tele, Wairani wapo, Wazungu ndio usiseme. Mweusi hakuna hata wa dawa. Tukahamia ukurasa wa wafanyakazi, tukamkuta dada mmoja mweusi, kitengo cha malipo. Mama akasema, "Basi huyo ndiye mtakayesalimiana."

Nikaenda kusoma. Mmarekani mweusi wa kwanza kupata PhD ya kompyuta ni Clarence Ellis, Chuo Kikuu cha Illinois, 1969. Zaidi ya nusu karne imepita. Watu weusi kule ni kama asilimia 13 ya nchi, lakini kwenye PhD za kompyuta hawafiki hata asilimia 5. Umeme wanao, vyuo wanavyo. Kinachokwamisha ni nini? Naomba majibu ya waliofika, sio ya kubahatisha.

#2 Bisi_na_Soda
Siti ya mbele nimeshakaa. Ila ukikataza kubahatisha uzi utakufa leo leo.

#3 Kokotoa
Mkuu nitasema usichotaka kusikia. Kompyuta ni hisabati, na hisabati haijui ngozi. Wahindi na Wachina walienda wageni, lugha inawapiga chenga, mbona wamejaa? Halafu makongamano makubwa ya kompyuta mengi yanahakiki makala bila majina. Mhakiki hajui kama wewe ni Juma au John. Sisi kulalamika tumefanya fani. Dogo akapige kitabu.

#4 Jiwe_la_Ngome
Asalaam aleikum. Ati hisabati imemshinda mtu mweusi? Hebu Kokotoa kamsome Philip Emeagwali, Mnigeria, ndiye baba wa hiyo intaneti unayotutukania. Wamemficha tu.

#5 Kokotoa
Sijasema imemshinda. Soma tena.

#6 Hakiki
Sheikh Jiwe, hapo pana marekebisho. Emeagwali hakubuni intaneti. Alichopata ni tuzo ya Gordon Bell ya 1989, kipengele cha utendaji kwa gharama ndogo. Alipiga hesabu za mwendo wa mafuta ardhini akitumia mashine yenye vichakataji zaidi ya 65,000 vinavyofanya kazi kwa pamoja. Zawadi ilikuwa dola 1,000. Hiyo peke yake ni kazi ya mwanamume, haihitaji kuongezewa intaneti. PhD aliyoifukuzia Chuo Kikuu cha Michigan hakupewa. Akashtaki akidai ubaguzi wa rangi, kesi ikatupwa, na rufaa ikatupwa.

Ukitaka majina yasiyo na ubishi: Ellis huyo wa 1969. Marsha Rhea Williams, mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kupata PhD ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, 1982. Mark Dean wa kampuni ya IBM, jina lake lipo kwenye hataza (hati za haki ya ubunifu) 3 kati ya 9 za mwanzo za kompyuta ya mezani ya IBM. Tukitia chumvi tunampa Kokotoa mtaji.

#7 Jiwe_la_Ngome
Nimekubali, ila nimeumia. Hiyo ya baba wa intaneti nimeitoa kwenye kundi la ukoo na nimewahi kuihutubia harusini.

#8 Mzee_wa_Kadi
Vijana, huyo Ellis mmemtaja mkampita. Mimi miaka ya sabini nilikuwa kijana wa kadi za matundu, kwenye ofisi moja ya hesabu Dar es Salaam. Wenye umri wangu wanajua: kadi ikishatobolewa haina kazi tena, ni ya kuwashia moto.

Ellis, kijana wa Chicago, umri wa miaka 15, alipata kibarua cha usiku cha kulinda kompyuta ya kampuni. Sharti mojawapo: asiiguse. Akawa anasoma vitabu vya maelekezo vya hiyo mashine mpaka kunakucha. Siku moja kampuni ikaishiwa kadi mpya na kuna kazi ya lazima inatakiwa itoke. Kijana mlinzi ndiye pekee aliyejua namna ya kuibadilisha mashine ikubali kadi zilizokwisha tobolewa. Wenye kazi hawakujua. Mimi nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, maana sisi tulizitupa kadi magunia na magunia.

Sasa niulize: angepangiwa zamu ya mchana, angeruhusiwa hata kuingia chumba kile?

#9 Bisi_na_Soda
Mzee shikamoo. Swali lako limenikata stimu ya bisi.

#10 Nguzo_Nane
Niko Atlanta miaka 14. Jibu la mleta uzi ni pesa, na watu wanalizunguka.

Kijana mweusi wa hapa akimaliza shahada ya kwanza ya kompyuta ana mkopo wa elimu shingoni, na nyumbani mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Kampuni inampa mshahara unaozidi wa wazazi wake wote wawili. Chuo kinampa posho ya kununulia tambi, miaka mitano au sita. Wewe ungeenda wapi? Hata Wamarekani weupe wanakimbia hiyo PhD. Ndio maana zaidi ya nusu ya wanaohitimu PhD ya kompyuta kule ni wageni. Kwa mgeni PhD ni mlango wa kuingilia nchi. Kwa mwenyeji ni hasara ya miaka sita.

Kokotoa, hao Wachina na Wahindi wako ndio hapo walipo. Wamechujwa kutoka nchi zenye watu zaidi ya bilioni moja kila moja. Huwezi kumlinganisha mtu aliyechujwa hivyo na mtoto wa mtaa wa kusini mwa Chicago ambaye shule yake haina hata mwalimu wa kompyuta.

#11 Kokotoa
Hili la mchujo nalikubali. Ona sasa, hakuna ubaguzi hapo, ni soko.

#12 Nguzo_Nane
Mkopo wa elimu unadhani umemwangukia kutoka mbinguni? Babu yake alinyimwa mkopo wa nyumba kwa sheria na kwa ramani zilizotia alama mitaa ya weusi kuwa ya hatari. Ndio maana hakuna nyumba ya kuuza kulipia ada.

#13 Binti_Pangani
Mtu wa Tukuyu, hongera kwa dogo. Umetaka waliofika. Mimi nafundisha kompyuta chuo kimoja Marekani, mwaka wa saba sasa. Chuo sikitaji.

Kokotoa amesema makala hayana majina (#3). Kweli, na makala ndiyo yaliyonisumbua kidogo kuliko yote. Lakini ukiondoa makala kila kitu kina jina. Barua ya mapendekezo ina jina. Ombi la ruzuku ya utafiti lina jina na chuo. Tathmini za wanafunzi mwisho wa muhula zina sura yako na lafudhi yako. Muhula wangu wa kwanza waliandika kwamba sieleweki ninavyozungumza. Mchina wa mlango wa pili naye waliandika haeleweki, ila yeye wakamalizia "lakini ana akili sana". Mimi wakaweka nukta.

Kudhaniwa fundi wa projekta siongelei, kila mmoja wetu anayo yake.

Kinachotumaliza ni kamati. Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye kamati 5. Kila kamati inataka mtu mweusi na inataka mwanamke, na mimi nawapa vyote viwili kwa kiti kimoja. Kamati ya kuajiri, kamati ya ujumuishi (ya kuhakikisha makundi madogo hayaachwi nje), kamati ya kutathmini kamati ya ujumuishi. Mwanafunzi yeyote mweusi wa uhandisi akizidiwa analetwa ofisini kwangu, hata wa madaraja, hata wa kemia. Siwezi kumrudisha, kwa sababu nami nililetwa kwa mtu hivyo hivyo, na mtu yule hakunirudisha. Jioni nikirudi kwenye utafiti wangu kichwa kimeshakuwa uji.

Ilipofika tathmini ya mwaka wa tatu, ile ya kuona kama unaelekea kwenye ajira ya kudumu, nikaambiwa utumishi wangu kwa idara ni wa mfano, ila makala yaongezeke. Mwenzangu tulioajiriwa siku moja alikuwa na kamati 1. Ya kuchagua mashine ya kahawa. Nanyi mseme kama natania.

#14 Kokotoa
Dada, si ungekataa?

#15 Binti_Pangani
Nilikataa moja. Kikao kilichofuata nikasikia, "tulijaribu kumshirikisha." Kwa nguvu, mbele ya mkuu wa idara.

#16 Baridi_Leicester
Dada Binti hujambo. Uingereza ni yaleyale, tofauti huku wanahesabu kila mwaka na kuchapisha. Maprofesa weusi, masomo yote kwa pamoja, ni kama asilimia 1. Kompyuta peke yake sitaki hata kuangalia. Kila takwimu zikitoka, chuo kinaitisha semina yenye sambusa. Mwaka unaofuata takwimu zinatoka, sambusa tena.

#17 Kivu_Yetu
Bandugu jambo. Miye ni wa Bukavu, niko nasomea Ubelgiji. Nyiye muko na bahati munahesabu. Huku kwetu na kule Ufaransa rangi haiandikwe popote. Ukiuliza weusi ni wangapi kwenye idara, banakujibu "sisi hatuangaliake rangi". Mimi niko peke yangu kwenye korido, lakini kwa makaratasi siko peke yangu, maana kwa makaratasi hakuna mweusi na hakuna mweupe.

#18 Bisi_na_Soda
#17 apewe kinywaji.

#19 Hakiki
Kwa wanaotaka ushahidi na sio visa tu: mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa maombi ya ruzuku kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani. Waombaji weusi walikuwa na nafasi pungufu kwa pointi 10 za asilimia kuliko weupe, hata baada ya kulinganisha elimu, mafunzo na machapisho. Ni tiba, sio kompyuta, nakiri, lakini mfumo wa kuhakiki maombi unafanana.

Uchunguzi mwingine wa 2019 ukaongeza jambo: sehemu ya pengo, zaidi ya asilimia 20 yake, inatokana na mada. Watafiti weusi walielekea zaidi kwenye afya ya jamii na tofauti za kiafya, na mada hizo hupewa pesa kidogo.

#20 Kokotoa
Asante Hakiki, umenifanyia kazi. Wachague mada zinazolipa.

#21 Binti_Pangani
Na nani anapanga mada ipi inalipa? Chukua Joy Buolamwini. Wazazi wake Waghana. Akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Angepeleka hilo kama mada kwa wasimamizi wengi ninaowafahamu, wangemwambia aongeze taa chumbani.

Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru wakatoa vipimo vya programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia kwa sura. Wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifika asilimia 34.7 kwenye programu mojawapo. Leo makala ile inafundishwa kila mahali. Hiyo ndiyo mada "isiyolipa".

#22 Jiwe_la_Ngome
Timnit yule Muethiopia aliyefukuzwa Google?

#23 Hakiki
Kazaliwa Addis Ababa, wazazi Waeritrea, akaondoka kijana wakati wa vita vya nchi hizo mbili. Kuhusu Google, Desemba 2020: yeye anasema alifukuzwa, kampuni ilisema imepokea kujiuzulu kwake. Mzozo ulianzia kwenye makala kuhusu hatari za mifumo mikubwa ya lugha, yaani programu zinazojifunza kuandika kutokana na maandishi mengi mno. Baada ya mwaka akaanzisha taasisi yake ya utafiti, DAIR.

Kabla ya hapo, 2016, alikwenda kwenye kongamano kubwa la akili mnemba (AI) pale Barcelona, lenye maelfu ya watu. Akahesabu weusi, wakawa kama sita. Kama mama yake Mtu wa Tukuyu tu. Mwaka uliofuata yeye na Rediet Abebe, naye mzaliwa wa Addis, wakaanzisha Black in AI, umoja wa watafiti weusi wa fani hiyo.

#24 Wanjala254
Akili mnemba ndiyo nini tena? Sisi Kenya tunasema akili unde.

#25 Jiwe_la_Ngome
Mnemba ni kisiwa, kipo hapa kaskazini kwetu. Akili zake hatujapata kuziona.

#26 Mzee_wa_Kadi
Rudini kwenye mada.

#27 Wanjala254
Pole mzee. Mimi naleta upande mwingine. Mnasema hatujajumuishwa kwenye akili unde, na sisi huku Nairobi tumejumuishwa sana, tena mwanzo kabisa, kwenye ghorofa ya chini. Mwaka 2023 jarida la Time liliripoti vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuwekea alama maandishi machafu ili mashine ijifunze kuyakwepa. Malipo yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Rafiki yangu mmoja amefanya kazi za aina hiyo. Ana digrii ya kompyuta. Jina lake halipo kwenye makala yoyote.

Kwa hivyo swali la mleta uzi ni nzuri lakini ni la ghorofa ya juu.

#28 Nguzo_Nane
Na mimi nitibue kidogo. Ukiwaacha wale wa zamani, Ellis, Williams na Dean, angalieni majina mliyotaja: Gebru, Abebe, Buolamwini, Emeagwali. Wote Waafrika, au watoto wa Waafrika. Chuo kikimwajiri Mhabeshi au Mnigeria kinaweka tiki kwenye kisanduku cha weusi, mambo yamekwisha. Mjukuu wa mtumwa wa Alabama yuko wapi? Wenzetu hapa wanalisema sana hili, kwamba sisi tunakuja kukalia viti walivyovipigania wao hadi kuumwa na mbwa wa polisi.

#29 Binti_Pangani
Hili linaniuma kwa sababu ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mlinzi wa usiku akinikuta maabara haniulizi babu yangu aliuzwa wapi.

#30 Nguzo_Nane
Sijabisha. Ila kuna vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya weusi tangu enzi za ubaguzi wa kisheria. Howard, Spelman, Morehouse, North Carolina A&T, Morgan State. Wanatoa wahitimu wengi wa sayansi kuliko ukubwa wao, kwa bajeti ambayo vyuo tajiri vinaitumia kwa mpira. Howard mwaka 2025 ilipandishwa daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti. Dogo angeniuliza mapema ningemwambia aombe huko. Picha zingekuwa tofauti.

#31 Mtu_wa_Tukuyu
Nipo wakuu, nasoma zote, umeme ulikatika. Nguzo, Howard hakuomba kwa sababu hakuijua. Tulifuata orodha za ubora.

#32 Mwalimu_wa_Ngara
Habari zenu. Mie nasimulia safari yangu moja tu.

Mwaka 2018 rafiki yangu alialikwa Montreal, Kanada, kongamano lile lile alilolihesabu Timnit. Makala imekubaliwa, nauli wamemlipia. Viza akanyimwa. Sababu: hawakuridhika kwamba atarudi kwao. Hakuwa peke yake, Waafrika wengi wa Black in AI walinyimwa mwaka ule, na 2019 Vancouver ikajirudia. Wakati kongamano jingine kubwa, ICLR, lilipangwa kuja Addis Ababa 2020, tukashangilia. Korona ikaja, likahamia kwenye skrini.

Mwishowe Mei 2023 ICLR ikafanyika Kigali. Mimi nimetoka Ngara, nimevuka Rusumo kwa basi. Hakuna aliyeniuliza taarifa ya benki. Nimeingia ukumbini nimekaa karibu na watu ambao nilikuwa nawasoma tu majina. Na nilichokiona, wakuu, ni vijana wa Kiafrika wakiuliza maswali bila kuomba radhi kwanza. Huko nyuma nilihudhuria mkutano mmoja Ulaya, kila Mwafrika alikuwa anaanza na "samahani, labda sijaelewa".

Kwa hiyo mimi jibu langu ni mpaka. Ukishahamisha mkutano, robo ya tatizo inabaki kwenye foleni ya ubalozi.

#33 Wanjala254
Kweli. 2019 Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili unde, ilikuja Kenyatta University, ilikuwa hivyo hivyo. Watu walikuwa wanabishana hadi kwenye laini ya ugali.

#34 Ziwa_Tanganyika
Mwalimu wa Ngara umegusa. Mimi ni Mrundi, Bujumbura. Nilikuwa na barua ya kukubaliwa, uzamili wa kompyuta Marekani, kuanza Agosti 2025. Tarehe 9 Juni amri ya rais wa Marekani ikaanza kazi, na viza za wanafunzi kwa Warundi zikasimamishwa. Mambo ya kamati na tathmini mimi bado sijafika huko. Niko mlangoni na mlango umefungwa. Mtu wa Tukuyu, dogo aondoke mapema.

#35 Mtu_wa_Tukuyu
Pole sana ndugu yangu. Tutaivuta tarehe ya tiketi iwe mapema.

#36 Hakiki
Kwenye hali ya sasa muongeze: Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kuzingatia rangi kwenye udahili. Januari 2025 zikaja amri za rais dhidi ya programu za ujumuishi, na baadaye ruzuku nyingi za utafiti za taasisi yao ya sayansi zikafutwa, zikiwemo za kuongeza makundi madogo kwenye sayansi.

Dada Binti, kamati zako zipo bado?

#37 Binti_Pangani
Ya ujumuishi imevunjwa. Ile ya kuitathmini imebadilishwa jina, nipo bado. Wanafunzi wanaoletwa mlangoni wameongezeka, maana ofisi iliyokuwa inawapokea imefungwa.

#38 Kokotoa
Mimi nasimama palepale kidogo. Sisi wenyewe je? Mzee wa Kadi atueleze serikali yetu ilifanya nini 1974. Hapo Mzungu hakuwepo.

#39 Mzee_wa_Kadi
Kijana umenichokoza. 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni humo humo. Mfumo wa hesabu za Hazina ulikuwa umevurugika, pesa za kigeni zinakwisha, lawama ikaangukia mashine. Tuliokuwa nazo tukazitunza kama ng'ombe mzee. Mimi nikahamishiwa stoo.

Miaka ile ile Ellis yuko maabara ya Xerox kule California. 1989 yeye na Simon Gibbs wakaandika namna ya watu wengi kuhariri waraka mmoja kwa wakati mmoja kila mtu kwenye mashine yake, bila kugongana. Leo wajukuu zangu wanaandika kazi za shule hivyo na hawamjui.

#40 Jiwe_la_Ngome
Kwa hiyo Google Docs kaibuni Ellis? Hili naruhusiwa kulipeleka kwenye kundi la ukoo?

#41 Hakiki
Hapana sheikh! Google Docs ni ya Google. Mbinu iliyo ndani yake ndiyo iliyotokana na kazi ya Ellis na Gibbs. Andika hivyo hivyo usiongeze. Na ongeza hili badala yake: uzeeni Ellis alikwenda Ghana kufundisha Chuo Kikuu cha Ashesi, 2013. Akafariki 2014.

Na Illinois alikohitimu, mwaka 2025 walimteua chansela mpya, Charles Isbell. Mweusi, mtu wa kompyuta.

#42 Bisi_na_Soda
Haya Kokotoa, chansela kapatikana, uzi ufungwe?

#43 Kokotoa
Ningesema hivyo mngenila. Nabaki na shaka yangu, ila ile ya mashine ya kahawa imenikaa.

#44 Binti_Pangani
Mtu wa Tukuyu, ya dogo ni haya. Kabla hajamchagua msimamizi, awatafute waliokuwa wanafunzi wa huyo msimamizi, hasa walioacha njiani, awaulize waliacha kwa nini. Waliomaliza watamsifia tu. Aombe msaada wa nauli ya kwenda Tapia, kongamano la kompyuta la makundi madogo, lipo tangu 2001, huko atapata watu wa kuwapigia simu saa nane usiku. Na yule dada wa malipo msimcheke. Idara nzima ikikusahau yeye ndiye anayejua posho yako imekwama wapi.

#45 Mtu_wa_Tukuyu
Asante sana dada. Mama nimemsomea, kasema "si nilisema." Dogo anauliza kitu kimoja tu: kunyoa. Mji mdogo, kinyozi wa nywele zetu atampata?

#46 Nguzo_Nane
Aandae saa mbili za gari kwenda na saa mbili kurudi. Wa karibu atamharibu. Mimi mwaka wa kwanza nilitoka nimechongwa kama kifutio.

#47 Baridi_Leicester
Abebe mashine yake kutoka nyumbani, ajinyoe.

#48 Mzee_wa_Kadi
Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Mashine ya Kariakoo itazunguka kama inakata roho.

#49 Hakiki
Za chaja zipo zinazokubali 100 hadi 240, mzee. Asome nyuma ya chaja kabla hajalipa.